Mayungiyungi na Nuru ya Juu

Katika bustani ya Tuileries, mjini Paris, liko jumba refu lililojengwa mwaka 1852 ili kuhifadhi michungwa wakati wa baridi. Ndiyo maana likaitwa Orangerie, na ndiyo maana upande wake wa kusini ni vioo: miti ilihitaji jua.

Claude Monet aliliahidi taifa la Ufaransa picha zake mwezi Novemba 1918, vita vilipokwisha. Vyumba vyake vilifunguliwa Mei 1927, miezi michache baada ya kufa kwake. Ni mayungiyungi juu ya maji ya bustani yake ya Giverny, sehemu nane katika vyumba viwili vyenye umbo la yai, kimo cha meta mbili, na urefu wake zikiunganishwa hukaribia meta 100. Hazina mwanzo wala mwisho, wala pembe ya kumwonyesha mtazamaji asimame wapi. Mchoraji alitaka nuru iingie kutoka juu, iwe ya asubuhi, ya mawingu au ya jioni.

Nia hiyo ilivunjwa. Katika miaka ya 1960 palijengwa ghorofa juu ya vyumba hivyo ili kuweka mkusanyo wa Paul Guillaume na Jean Walter, na kwa muda wa miaka arobaini hivi mayungiyungi yakatazamwa kwa taa. Wako waonao kwamba kazi hii ni pambo tu, na Monet mwenyewe alilitumia neno hilo pasipo haya. Lakini aliyeihukumu chini ya taa alihukumu nini? Taa haibadiliki, na kazi yote ile ni habari ya kubadilika. Ni kama msomi aufunguaye utenzi chumbani kimya, kisha akalalamika kuwa kina kile kile kirudicho mwisho wa kila ubeti kinachosha. Utenzi ulitungwa upate sauti ya mghani na masikio ya jamaa walioketi. Kina hicho ndicho kimshikacho msikilizaji asipotee njiani.

Matengenezo yaliyokwisha mwaka 2006 yaliiondoa ghorofa ile. Sasa wingu likipita juu ya mji, maji ya ukutani nayo hufifia, kisha hurudi.

Gharama ilibebwa na mkusanyo. Cézanne, Renoir, Matisse, na ile sura ya Guillaume iliyochorwa na Modigliani mwaka 1915, wote wameshushwa chini ya ardhi. Hasara hiyo yavumilika. Picha hizo zilichorwa zitundikwe ukuta wowote wa mnunuzi. Na Soutine, kwa nyekundu yake ya nyama ya buchani, haombi jua.