Hosi ya Stelingi Haijulikani kwa Kung'aa

Magari yanayopanda kila siku kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu mengi yana ugonjwa mmoja, na hauhitaji daktari. Utaona doa jekundu la mafuta chini ya pua ya gari kila linapoegeshwa, na nyuma ya kiti cha dereva kuna dumu dogo la ATF, mafuta ya stelingi. Mafuta yanaongezwa asubuhi Bukoba, yanaongezwa tena Muleba. Siku dereva akichoka kununua mafuta, ndipo anapoletewa hosi iliyosukwa kwa waya wa stenlesi, inang'aa kama bangili ya bi harusi. "Bosi, hii hutaigusa tena mpaka uuze gari."

Inawezekana kabisa. Ila kung'aa ndilo jambo la mwisho la kutazama.

Mwenye IST au Vitz asijisumbue: usukani wa magari hayo unasaidiwa na mota ya umeme, hakuna hosi ya kubadilisha. Tunaouzungumzia hapa ni wa Noah za zamani, Hiace, Mark II, Land Cruiser, na Fuso zinazobeba ndizi na kahawa. Humo hosi ni mbili. Moja inapeleka mafuta kutoka kwenye pampu hadi kwenye reki au boksi la stelingi, nyingine inayarudisha kwenye kikopo. Ya kurudi haina presha ya maana. Mpira mzuri wa mafuta na klipu mbili vinaitosha, na anayekuuzia waya kwa ajili yake anakutafuna. Ile ya kwenda ndiyo yenye shughuli. Tairi la Noah linajazwa upepo wa psi 30 na kitu. Hosi hii, dereva anapokata usukani hadi mwisho akigeuza gari stendi, inaweza kubeba psi 1,000 hadi 1,500.

Anzia ndani. Mwombe muuzaji kipande kilichokatwa, uchungulie tundu lake. Waya hauzuii mafuta kuvuja. Kazi yake ni kuishika hosi isivimbe ikapasuka. Kinachoyashika mafuta ni ganda la ndani, na hapo ndipo pesa yako inapokwenda au inapopotea. Ganda hilo huwa la tefloni au la mpira. Tefloni ni nyembamba, ngumu, telezi, mara nyingi nyeupe kama maziwa, na inavumilia joto la nyuzi 200 bila kulalamika. Ipo pia tefloni nyeusi, kwa hiyo usihukumu kwa rangi peke yake: bonyeza kwa ukucha. Mpira utabonyea na kurudi. Mpira si dhambi, hata hosi ya kiwandani ni mpira. Tatizo ni kwamba hosi nyingi za waya zenye mpira ndani zilitengenezwa kwa petroli au maji ya rejeta, kazi zenye presha ndogo, kisha zikafika dukani zikavikwa sifa zisizo zao.

Soma maandishi ya ubavuni au ya kwenye karatasi yake. Kuna presha ya kupasukia na presha ya kufanyia kazi, na muuzaji mjanja atakutajia ile ya kwanza kwa sababu ni kubwa. Hosi za haidroliki kwa kawaida hupasuka kwenye presha mara nne ya ile ya kazi. Kwa hiyo "psi 4,000" ya kupasukia ni hosi ya kazi ya psi 1,000 tu, na Noah yako imekwisha kuipita. Ukiona SAE 100R14 umepata tefloni yenye waya wa stenlesi. SAE 100R1 au R2 ni mpira wenye waya uliofichwa ndani, ile ya magreda na matrekta.

Wengine hupima waya kwa sumaku. Pima, lakini usiifanye sumaku kuwa hakimu. Stenlesi ikivutwa kuwa waya mwembamba huweza kunata kidogo. Ikinata kwa nguvu kama kwenye msumari, hapo umeuziwa waya wa mabati, na kwa mvua za Bukoba, zinazokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kutu haitachelewa. Inachekesha kidogo. Pale Katuruka, upande wa Maruku, na huko Kemondo, yamefukuliwa mabaki ya tanuru za chuma za kale, na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa huku walikuwa wakitoa chuma cha pua karibu miaka 2,000 iliyopita. Leo sisi tunadanganywa kwa waya wa mabati.

Hata hivyo, hosi nyingi hufia kwenye ncha. Kola iliyobanwa kwa presi inaacha alama za meno zenye kina kimoja kuizunguka yote; upande mmoja ukizama kuliko mwingine, ikatae. Waya usichomoze nje ya kola hata uzi mmoja. Klipu ya kukaza kwa bisibisi kwenye hosi ya presha ni matusi, usikubali hata kwa siku moja. Fitingi za tefloni za kufunga kwa spana nazo zina pete ndogo inayokaa kati ya ganda na waya. Fitingi ya hosi ya mpira haiwezi kuchukua nafasi yake. Halafu nyuzi za nati. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu pampu ya Mark II kwa kukaza fitingi ya inchi 9/16 kwenye tundu la milimita 14. Tofauti yake haifiki theluthi moja ya milimita. Iliingia mizunguko miwili kwa vidole, nikafurahi, nikachukua spana. Fitingi sahihi huingia karibu yote kwa vidole. Na wosha za kopa ziwe mpya, kila mara.

Waya ulio wazi ni msumeno. Ukigusana na paipu ya AC au nyaya za umeme utazila, na vumbi jekundu la barabara za vijijini likiingia kwenye msuko linasaga waya wenyewe. Hosi ivishwe ganda la plastiki, ishikwe kwa vibanio vyenye mpira, ikae mbali na ekzosi, maana ATF ikidondokea chuma cha moto inawaka. Upinde wake usiwe mkali kuliko ukingo wa sahani ya wali. Tefloni ikishavunjika shingo hairudi.

Sasa neno ambalo wauzaji hawalipendi. Hosi ya mpira ya kiwandani imeundwa ivimbe kidogo kwa makusudi, ili imeze mitetemo ya pampu. Ukiweka ya waya isiyovimba, usukani unaweza kuanza kunguruma au kutetemeka mkononi, na fundi atailaumu pampu nzima isiyo na kosa. Kwa Noah ya njia ya Bukoba na Muleba, mimi ningenunua hosi mpya ya mpira ya orijino, si ya mtumba iliyozeeka Japani. Ya waya ningeiweka kwenye Land Cruiser au Fuso ambayo orijino yake haipatikani tena, au pale hosi inapolazimika kupita karibu na joto.

Ukishafunga, inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku ukiongeza mafuta, mpaka mapovu yaishe. Washa, mtu akate usukani hadi mwisho asizidishe sekunde tano, wewe ukitazama ncha kwa tochi. Kisha piga mstari wa rangi unaovuka kola na hosi. Baada ya wiki fungua boneti: mstari ukiwa umeachana hata milimita mbili, rudisha hosi dukani kabla hujaupanda tena mlima wa Kamachumu.