Shule inaua ubunifu? Tuanze na aiskrimu ya Mpemba

Bila shaka umeshatumiwa ile video. Mwingereza mmoja, Ken Robinson, yuko jukwaani anachekesha watu, halafu katikati ya vicheko anawaambia kwamba shule zinaua ubunifu wa watoto. Hotuba ni ya TED, mwaka 2006, na imetazamwa mamilioni ya mara. Mimi nimeitazama mara nne, na kila mara nacheka palepale. Shida yangu inaanza vicheko vikiisha.

Robinson anasema ubunifu ni kupata mawazo mapya yenye thamani. Maana nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kwenye hotuba yake nyingine, ushahidi anaouleta unapima kitu kingine kabisa. Unapewa kibanio cha karatasi, unataja matumizi yake mengi kadiri unavyoweza. Eti watoto wa chekechea 98 kati ya 100 walifikia kiwango cha ujiniasi, na kadiri walivyokua wakazidi kushuka. Takwimu hizi zimetoka kwenye kitabu cha George Land na Beth Jarman cha mwaka 1992.

Sasa hebu tulia hapo. Kipimo kinahesabu wingi wa majibu. Ile thamani imekwenda wapi? Mtoto wa miaka mitano anakwambia kibanio ni daraja la sisimizi. Wa miaka kumi na tano anaanza kuchuja kabla ya kusema, na kuchuja nako ni sehemu ya kubuni. Halafu watoto hao walikuwa wanasoma na wanakua kwa wakati mmoja. Utajuaje kilichowabadilisha ni shule na si umri? Ungehitaji kuwalinganisha na watoto wasiosoma, na Robinson hakutuletea hata mmoja. Mwenyewe anakiri kwamba mengi yaliwapata wakikua, ila anainyooshea kidole elimu.

Usidhani naitetea shule, lakini. Twende Magamba, Lushoto, mwaka 1963.

Erasto Mpemba yuko kidato cha tatu. Wanafunzi wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo, akaogopa kuikosa, akayasukumiza ya kwake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu yakawa yameganda, na ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa, bado. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa. Kumbe Tanga mjini kulikuwa na rafiki yake muuza aiskrimu aliyekuwa akifanya hivyohivyo kila siku, ya moto ndani ya friza ili yawahi.

Baadaye, Mkwawa, Iringa, wakafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa. Mpemba akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia yake yeye Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa zima likadaka, kila akikosea wanamtajia jina lake.

Unaona mahali Robinson anapoteleza? Analalamika kwamba hisabati zimewekwa juu na dansi chini. Ni kweli, na mimi ningependa dansi ipewe vipindi. Ila Mpemba alizomewa ndani ya kipindi cha fizikia, kule kule juu. Tena Newton ndiye aliyemrudisha kwenye swali lake. Muuza aiskrimu alikuwa na mbinu tu. Shule ndiyo iliyompa Mpemba kanuni ambayo maziwa yake yaliigomea, na shule hiyohiyo ikamcheka alipoitumia.

Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alisimama akauliza mbele ya watu. Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, ila alirudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu: ya moto yameganda kwanza, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden walirudia majaribio, na hawakupata ushahidi wa maana. Hata kusogeza kipimajoto kidogo kunaweza kubadili matokeo. Kwa hiyo yule mwalimu alikuwa sahihi? Hapana bwana. Friza ilikuwepo, vikombe vilikuwepo, na hakujaribu.

Nami nasimamia maabara za mwaka wa kwanza. Muhula huu mwanafunzi mmoja alitumia pendulamu kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia, akapata 8.7. Nilimwona akifuta. Kwenye ripoti akaandika 9.8, na mimi nikampa alama zote.