Nyumba, Sindano na Kimya: Ndoa ya Mateso na Ustahimilivu wa Mwanamke katika Hadithi Fupi za Zora Neale Hurston na Susan Glaspell

Utangulizi

Katika uhakiki wa kazi zinazosawiri ndoa za mateso, mhusika wa kike husifiwa kwa ustahimilivu kana kwamba ni tunu aliyozaliwa nayo. Hupigwa, hudharauliwa na kunyang'anywa chake. Anapobaki amesimama, mhakiki humpongeza. Pongezi hizo zina hatari. Huuondoa mzigo kwa mtesaji na kwa jamii inayomstahi, na kuuweka juu ya aliyeteswa, kiasi kwamba mwanamke aliyeshindwa kusimama huonekana amepungukiwa na kitu moyoni. Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa na methali isemayo mvumilivu hula mbivu, anaweza kuupokea mtazamo huo bila kuuhoji.

Makala haya yanajadili hadithi fupi mbili za Marekani zinazoupinga mtazamo huo: "A Jury of Her Peers" ya Susan Glaspell, iliyochapishwa mwaka 1917, na "Sweat", yaani jasho, ya Zora Neale Hurston, iliyotoka mwaka 1926 katika jarida la Fire!! mjini New York. Hoja ya msingi ni kwamba, katika hadithi zote mbili, ustahimilivu hautokani na subira. Unategemea kile alicho nacho mwanamke mkononi na walio upande wake. Uchambuzi unaanza na Hurston kwa kuwa mateso katika hadithi yake yako wazi zaidi.

Jasho na Nyumba katika "Sweat"

Delia Jones ni mfuaji nguo Mweusi katika jimbo la Florida. Kwa miaka 15 ya ndoa amefua nguo za Wazungu wa Winter Park, na malipo ya kazi hiyo ndiyo yaliyojenga na kulisha nyumba. Mumewe, Sykes, alimpiga kwa mara ya kwanza miezi 2 tu baada ya harusi. Hadithi inapoanza, anamtupia mjeledi mabegani usiku, akijua kwamba mkewe anaogopa nyoka kupita kiasi. Kisha anaipiga teke mirundo ya nguo alizozipanga na kumkemea kwa kuleta nguo za Wazungu nyumbani, ilhali yeye mwenyewe hula kutokana na nguo hizohizo.

Jibu la Delia ndilo kiini cha hadithi. Anashika kikaango cha chuma kutoka jikoni, na kwa mara ya kwanza anayataja madai yake: jasho lake ndilo lililoilipia nyumba. Sykes, aliyezoea kumpiga, anarudi nyuma. Ikumbukwe kwamba kikaango peke yake hakitoshi kueleza badiliko hilo. Delia alikuwa na mikono ileile kwa miaka 15. Jipya ni kwamba sasa anasema kama mwenye mali, na anajua kwamba Sykes anataka kumwondoa ili amweke hawara wake, Bertha, katika nyumba hiyo. Mwanamke asiye na cha kutetea angeweza kufukuzwa kwa neno moja.

Hata hivyo, Hurston haitukuzi kazi hiyo. Nyumba imenunuliwa kwa utumishi wa namna mbili: kwa matajiri Wazungu na kwa mume asiyeleta mshahara wake nyumbani. Aidha, mali haimletei Delia msaada wa jirani. Wanaume wanaokaa kwenye baraza la duka la Joe Clarke wanayajua mateso yote; wanamhukumu Sykes kwa haki, hata kupendekeza aadhibiwe. Lakini joto ni kali, tikitimaji linaletwa, na mpango unafifia. Baraza hilo linaonyesha jamii yenye ujuzi na lugha ya haki, lakini isiyo na utashi wa kutenda.

Jiko kama Ushahidi katika "A Jury of Her Peers"

Glaspell alikuwa mwandishi wa habari katika jimbo la Iowa, na hadithi yake inatokana na kesi ya mauaji ya mwaka 1900 aliyoiripoti. Minnie Wright yuko rumande akishukiwa kumnyonga mumewe kwa kamba usingizini. Hatokei wala kusema moja kwa moja. Mumewe alisifiwa mtaani kuwa hanywi pombe na hulipa madeni yake. Hakuna anayesimulia kipigo. Mateso yenyewe ni upweke, baridi na ukimya wa miaka mingi, ambayo hayaachi kovu linaloweza kuonyeshwa mahakamani.

Wakati sherifu na mwendesha mashtaka wanatafuta sababu ya mauaji ghorofani na zizini, Martha Hale na Bi. Peters wanabaki jikoni. Wanaona meza iliyofutwa nusu, tundu la ndege lililovunjwa mlango, na viraka vya blanketi ambavyo mshono wake unaharibika ghafla. Mwishowe, ndani ya kikapu cha kushonea, wanampata chiriku aliyenyongwa shingo, amefungwa kwa hariri ndani ya kisanduku kizuri. Wanaume wanavicheka vitu hivyo kwa kuwa ni vya kike. Wanawake wanavisoma kwa kuwa wameviishi.

Tofauti na Delia, Minnie hana kipato wala nyumba anayoweza kuiita yake. Ustahimilivu wake ulikwisha shingo ya ndege ilipovunjwa. Unaoendelea ni wa wengine: Bi. Hale anaufumua mshono mbovu na kuushona upya, kisha anakificha kisanduku. Jina la hadithi linamaanisha jopo la waamuzi walio sawa na mshtakiwa, nalo lina kejeli ya kisheria, kwani wakati huo wanawake katika majimbo mengi ya Marekani hawakuruhusiwa kuketi katika majopo ya mahakama. Bi. Hale pia anajihukumu mwenyewe kwa kutomtembelea jirani yake. Kwake, kutokwenda huko ni kosa la jinai. Kauli hiyo inawafikia hata wale wa baraza la Joe Clarke, waliojua mengi zaidi na kufanya machache zaidi.

Gharama ya Kunusurika

Hadithi zote mbili zinaishia kwenye kimya. Sykes anamhamishia nyoka mwenye sumu katika kapu la nguo chafu ili amuue mkewe. Delia anakimbilia zizini. Sykes anarejea alfajiri, hapati kiberiti kwa kuwa yeye na Bertha walikimaliza, na anaumwa gizani. Delia anamsikia akimwita, anamwona jicho moja likiwa bado na tumaini, kisha anarudi chini ya mti uani na kungoja. Msimulizi hamwiti shujaa wala muuaji. Anaonyesha kwamba Delia anajua kuwa mumewe amejua alikuwapo. Kwa Glaspell, kimya cha wanawake wawili kinaweza kumwokoa Minnie, lakini hadithi inakoma kabla ya kesi kusikilizwa.

Hapa methali ya mbivu haitimii. Delia amebaki na nyumba yake pamoja na kumbukumbu ya jicho lile. Minnie amepata watetezi alipokwisha kuvunjika.

Hitimisho

Uchambuzi umebainisha kwamba uvumilivu peke yake haukumwokoa yeyote kati ya wanawake hawa. Delia alisimama kwa sababu ya mali iliyotokana na kazi yake. Minnie alitetewa na wanawake waliojua kusoma jiko. Kila mmoja alikosa alichokuwa nacho mwenzake, na wote wawili walikosa sheria ya kuwalinda. Kwa hiyo, mhakiki anayetumia istilahi ya ustahimilivu anapaswa kuonyesha umejengwa juu ya nini, nani aliukatalia msaada, na mhusika amelipa nini ili anusurike. Maswali hayo yanaweza kuongoza pia usomaji wa ndoa za mateso katika fasihi ya Kiswahili, ambamo subira ya mke imesifiwa kwa muda mrefu.