Jicho Lisilo na Haraka

Alasiri ikishapita, kiwanja cha Alaskan mjini Malindi hujaa watu wanaoufuata mpira kwa macho. Ukichunguza pembeni, huenda ukamwona mmoja anayemtazama mtoto ambaye hata mpira hajaugusa kwa dakika nzima. Ni huyo ninayetaka kumsifu leo: msaka vipaji wa mchangani.

Cheo hana. Pengine ni mwalimu wa shule ya msingi, pengine beki wa zamani aliyeachishwa na goti, pengine mwendesha boda anayeegesha pikipiki chini ya mwarobaini kila Jumamosi na kutoa daftari mfukoni. Ila kazi aliyojitwika ni nzito. Anamwangalia kijana wa miaka kumi na minne, kisha anatakiwa aseme atakuwa mchezaji wa namna gani akifika ishirini na miwili. Methali inamhimiza aamue upesi, maana nyota njema huonekana asubuhi. Aliyezeeka kando ya viwanja vya pwani anajua methali hiyo imewapoteza wangapi.

Watazamaji hushangilia chenga, tobo na kanzu. Yeye huanza na mguso wa kwanza. Viwanja vyetu vingi, kuanzia Ganze hadi Watamu, ni mchanga na mawe, na mpira ukidunda hujui utaelekea wapi. Mtoto anayeutuliza hapo kwa mguso mmoja, kichwa kikiwa juu, amejieleza kuliko angejieleza kwenye nyasi za kunyoa. Halafu kuna upepo. Kusi likishika zamu yake katikati ya mwaka, pasi ndefu hubadilisha nia ikiwa bado hewani. Beki mwenye akili husogea hatua mbili kabla haijashuka, naye kipa huacha kupiga mipira ya juu bila kuambiwa na kocha. Hayo hayapigiwi makofi, lakini huandikwa daftarini.

Linaloandikwa kwa kalamu ya kukoleza zaidi ni lile la baada ya kosa. Kijana akipokonywa mpira, anafanya nini papo hapo? Anamnyooshea refa mikono? Anamfokea mwenzake? Au ameshageuka na kukimbia kurudi nyuma? Mbio na shuti huongezwa na mazoezi. Tabia ya kurudi nyuma bila kusukumwa ni ngumu zaidi kuifundisha, na ndiyo maana msaka vipaji huitafuta mapema.

Mtego mkubwa ni mwili. Katika mechi za watoto, aliyebalehe mapema huonekana jabali: anawapita wenzake kwa mbio, anawaruka kwa kichwa, na magoli yanafuatana. Tukimweka kando kijeba mwenye cheti cha kuzaliwa cha kuazima, bado yupo mtoto mkweli ambaye amewatangulia wenzake kwa miezi tu. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji bora wa hoki ya barafu nchini Kanada walikuwa wamezaliwa kwa wingi katika miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa sababu rika zilihesabiwa kuanzia Januari mosi. Waliodhaniwa kuwa na kipaji wengi wao walikuwa na umri zaidi kidogo tu. Kwa hiyo fundi wa kazi hii huuliza maswali yanayowachekesha wazazi: mtoto alizaliwa mwezi gani, wajomba zake ni warefu, viatu vya mwaka jana bado vinamtosha?

Wenye pesa nyingi kutuzidi nao wanahangaika na fumbo hilohilo. Tangu 1965 timu za besiboli za Marekani zimekuwa zikikaa kila mwaka na kuchagua vijana wa shule na vyuo kwa zamu. Wasaka vipaji wao humpima kila kijana kwa alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Ninachokipenda katika utaratibu wao ni kwamba kila ujuzi hupewa alama mbili: ya leo, na ya siku atakapokomaa. Anayeandika alama mbili amekiri kwamba kijana aliye mbele yake hajaisha kuumbwa. Hata hivyo, mwaka 1988 Mike Piazza aliachwa mpaka raundi ya 62, akachukuliwa akiwa wa 1,390, tena kwa kuombewa na rafiki wa familia, Tommy Lasorda, aliyekuwa meneja wa timu ya Dodgers. Mwaka 2016 Piazza aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Ikiwa kwao, pamoja na pesa zote zile, macho yaliweza kumpita mtu kama huyo, mwenzetu mwenye daftari la shilingi hamsini hana haja ya kuona haya akisema atarudi kumtazama tena.

Tena, kabla ya kumpima mtoto ni lazima awe ameruhusiwa kufika uwanjani. Shirika la soka ya wasichana la Moving the Goalposts lilipoanzishwa Kilifi mwaka 2001, wasichana wengi wa huku walikuwa watazamaji tu, na alasiri yao ilikuwa ya kuchota maji na kulea wadogo zao. Oktoba 2024 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya nchi yetu kufika fainali za dunia za rika lolote. Anayesaka vipaji vya wasichana anajua kwamba sehemu ya kazi yake iko nje ya uwanja, anapobisha hodi, akaketi kwenye mkeka, akamweleza mama kwa adabu kwamba binti atarudi kabla ya magharibi na shule hataiacha.

Hapo ndipo ulimi wake hupimwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na katika kaunti yetu hii ya minazi hakuna asiyeielewa methali hiyo. Msaka vipaji mzuri husifu juhudi mbele ya mtoto na habari za kipaji huzinyamazia. Hamwambii baba auze shamba kwa ajili ya majaribio ya ng'ambo, wala hapokei ada ya kumtafutia mtoto timu. Wapo wanaofanya hivyo, na wameacha nyumba zenye madeni pamoja na vijana walioacha masomo.

Viongozi wetu hupenda kuahidi majukwaa na nyasi, na viwanja tunavihitaji kweli. Lakini mtoto mwembamba wa Bamba, aliyecheza vibaya siku ile kwa sababu alitoka nyumbani bila kula, hatagunduliwa na jukwaa. Atagunduliwa na mtu aliyepanda matatu kwenda kumwona mara ya pili, na ya tatu, akafuta alichoandika mwanzo na kuandika upya. Nauli hiyo leo anaitoa mfukoni mwake. Tungeanza kwa kumrudishia.