Orton Chirwa: Wakili, Chama na Umma

Katika semina za wanachama hapa Kighare swali moja hurudi kila mara: je, si heri uongozi washike wanasheria, kwa kuwa wao ndio wanaozijua haki? Maisha ya Orton Chirwa wa Malawi yanatupa jibu, nalo si jepesi.

Chirwa, aliyezaliwa mwaka 1919, alikuwa mwalimu kabla ya kwenda Uingereza kusomea sheria. Ndiye Mmalawi wa kwanza kufuzu uwakili huko. Machi 1959 wakoloni walitangaza hali ya hatari, wakamfunga Dk. Banda na kukipiga marufuku chama cha Congress. Chirwa naye aliwekwa kizuizini. Alipotoka alishika uongozi wa chama kipya, Malawi Congress Party, kilichoundwa Septemba mwaka huo huo. Aprili 1960 Banda aliachiliwa. Chirwa akamkabidhi chama.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaomsifu tu. Kuachia cheo kwa hiari ni tabia njema (wangapi wangefanya hivyo?). Lakini chama hakikabidhiwi kwa mtu kama ng'ombe anavyokabidhiwa mchungaji. Chama kilichojengwa juu ya utukufu wa mtu mmoja hakikuwaachia wanachama kikao chenye uwezo wa kumhoji. Na tusijidanganye kwamba hayo ni ya Malawi peke yake: hata katika matawi yetu vipo vikao ambavyo mwenyekiti akishasema, waliobaki hupiga makofi.

Wazee wetu wa Upare walipokwenda Same kwa maelfu Januari 1945 kuipinga kodi ya mbiru, nguvu yao ilikuwa umoja wa vijiji, na baadaye wanawake wa Usangi nao wakaingia katika mapambano. Mwishowe mbiru ikafutwa. Nguvu ya namna hiyo ndiyo iliyokosekana Septemba 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru, mawaziri walipoipinga siasa ya Banda ya kuwaegemea Wareno na makaburu, na uzito wake katika kuwapa Waafrika madaraka. Banda alimfukuza Chirwa, Waziri wa Sheria, pamoja na Kanyama Chiume na Augustine Bwanausi. Hoja walikuwa nazo. Bunge likampigia Banda kura ya imani.

Chirwa akakimbilia Tanzania, na baadaye akaongoza Malawi Freedom Movement. Desemba 1981 yeye na mkewe Vera, naye mwanasheria, walitiwa nguvuni. Wenyewe walisema walitekwa katika ardhi ya Zambia. Mwaka 1983 walihukumiwa kifo kwa uhaini na Mahakama ya Jadi, ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Wakili wa kwanza wa nchi alijitetea kwa ujasiri mbele ya mahakama isiyohitaji hoja. Mwaka 1984 adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Alifia gerezani Zomba Oktoba 1992. Vera alitoka Januari 1993, na Juni mwaka huo Wamalawi wakaukataa kwa kura utawala wa chama kimoja.