Kubadili, Kupindua, Kugeuza: Je, ni Mamoja?

Mzee mmoja wa hapa Kabondo-Dianda, mkatekumeni wa mwaka wa pili, alinisimamisha siku moja katikati ya fundisho. Nilikuwa nikieleza ubatizo, na kwa kupenda maneno mengi nilisema kwamba Mungu atambadili, atampindua, atamgeuza awe mtu mpya. Mzee akauliza, "Mwalimu, katika hayo matatu atanifanya lipi?" Nikamjibu, "Tata, ni mamoja." Akanyamaza kwa heshima, lakini niliona usoni pake kwamba hakupata jibu.

Tangu siku ile nimeyapima maneno hayo. Kijana wetu anayejifunza Kiingereza shuleni hufungua kamusi ili apate maana ya kitenzi transform, naye hupewa maneno kadhaa yaliyopangwa mstari mmoja, bega kwa bega, kana kwamba ni mapacha. Siwalaumu watungaji wa kamusi. Bwana A. C. Madan tangu mwaka 1894, na Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1939, walitufanyia kazi kubwa sana. Kamusi hutaja jamaa za neno, lakini haina nafasi ya kueleza tabia ya kila mmoja. Kazi hiyo ni yetu sisi tunaosema na watu, na mara nyingi hatuifanyi.

Tuanze na kubadili. Neno hili ni la sokoni. Maana yake ni kutoa hiki na kupokea kile: nabadili shati, nabadili pesa. Sisi watu wa Kongo tunalijua kwa mateso. Mwaka 1967 franka iliondoka, ikaja zaire. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, na moja ilichukua mahali pa zile za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikarudi franka, na moja ilichukua mahali pa zaire mpya 100,000. Noti zilibadilika mara tatu, na mama wa nyumba akaendelea kuhesabu vikombe vya unga kama jana. Ndivyo ilivyo hata kwa majina. Elisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Nchi ikaitwa Zaire mwaka 1971, ikarudi kuitwa Kongo mwaka 1997. Mwaka 1972 Serikali ilikataza majina ya kigeni ya ubatizo, na aliyeitwa Joseph akaandikwa kwa jina la babu yake. Je, alama ya ubatizo ilifutika rohoni mwake? Hata kidogo. Jina lilibadilika, mtu hakuguswa. Kwa hiyo hunisumbua kusikia kila Kwaresima mahubiri yanayopiga kelele: badilisheni maisha yenu! Msikilizaji anaelewa vema kabisa: atoe pombe kwa siku 40, kisha Pasaka airudishe. Ndiyo biashara tuliyomfundisha.

Kupindua ni neno la wavuvi kabla ya kuwa neno la wanasiasa. Mtumbwi ukipinduka katika Lualaba, kilichokuwa juu huwa chini, na waliokaa ndani huonekana majini, watu walewale. Toka hapo tumepata mapinduzi: Zanzibar tarehe 12 Januari 1964, na kwetu Jenerali Mobutu kutwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965, kisha kuunda mwaka 1967 chama kilichojiita cha Mapinduzi ya watu. Neno hili lina ukweli wake, wala nisidhaniwe kwamba nalidharau. Bikira Maria mwenyewe, katika wimbo wake nyumbani kwa Elisabeti, alimsifu Mungu anayeshusha wenye nguvu na kuinua wanyonge, na huko ni kupindua hasa. Lakini tumeona kwa macho yetu kwamba kiti kinaweza kupinduliwa na mwenye kukikalia baadaye akawa na tumbo lilelile. Kupindua hubadili mahali pa watu, hakuwapi moyo.

Basi kugeuza. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana neno hili ni tajiri kupita mengine, na pia lina hatari zake.

Mtazame mama anayepika bukari. Unga unaingia katika maji ya moto, unasongwa kwa mwiko, unapigwa na moto, na mwishowe si unga tena. Huwezi kuuomba urudi. Walakini ni muhogo uleule wa shamba lile. Hakuna aliyetoa muhogo akaleta kitu kingine mahali pake. Huku ndiko kugeuka: kitu chenyewe kinapita katika hali nyingine.

Sasa tuingie katika Maandiko. Kigiriki cha Agano Jipya kina kitenzi kimoja cha jambo hili, nacho kinaonekana mahali panne tu: katika Mathayo 17 na Marko 9, Bwana alipong'aa mlimani, katika Waraka kwa Waroma 12, na katika Waraka wa pili kwa Wakorinto 3. Luka, aliyesimulia mlima uleule, hakukitumia. Mtakatifu Yeronimo, alipotia Injili katika Kilatini, alisema Bwana alipata sura nyingine. Lakini Biblia ya Kilatini kwa Waroma inasema watengenezwe upya, na kwa Wakorinto inatumia neno lilelile ambalo Kiingereza kimelirithi. Kilatini kina maneno matatu mahali Kigiriki kilipo na moja. Msomaji wa Kilatini hawezi kuona kwamba nuru ya mlimani na badiliko la Mkristo ni jambo moja.

Kiswahili kimefanyaje? Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, kazi ya ndugu zetu Waprotestanti, imeshika kugeuka pote pawili, mlimani na kwa Waroma. Ni tendo la akili, na yatupasa kulikiri. Lakini angalia mwisho wa neno. Mlimani Bwana aligeuka. Kwa Waroma Wakristo wanaambiwa wageuzwe. Kigiriki mahali pote kinasema kutendewa. Je, wafasiri walikosa? Mimi naona kwamba hapo walitufaa kuliko kama wangefuata herufi. Utukufu ule haukutoka kwa mwingine ukamwangukia Kristo. Ulikuwa wake, ukatokeza. Sisi lakini hatuna nuru ya kutokeza. Lazima mwingine atushike, atusonge, atupige na moto. Irabu na konsonanti chache, kugeuka na kugeuzwa, na ndani yake mna fundisho lote la neema. Lugha ambazo hazina viambishi kama vyetu zingehitaji sentensi nzima.

Hatari sasa. Kwanza, anayegeuka upesi twamwita kigeugeu, na si sifa. Pili, kugeuka ni pia kutazama nyuma. Mke wa Loti aligeuka, kisha akageuka nguzo ya chumvi. Kitenzi kimoja mara mbili, na zote mbili mbaya. Tatu, katika Misa twasema mageuzo, na pale mambo ni kinyume cha mlimani: mlimani sura iligeuka na Mwenyewe akabaki, altareni sura ya mkate inabaki na kiini ndicho kinageuka, kama Mtaguso wa Trento ulivyofundisha mwaka 1551. Katekista asiyeeleza tofauti hiyo anawaacha watoto wakidhani mkate wapaswa kung'aa.

Katika Katanga yetu tunaye mtu wa kutuonyesha neno hili likiwa na mwili. Padri Placide Tempels, Mfransisko, alifika Kongo mwaka 1933 akafanya kazi kati ya Baluba. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, cha mwaka 1945, kilisifiwa na pia kilipingwa; Eboussi Boulaga alikikosoa vikali mwaka 1968, na katika mengi ana haki. Lakini mimi natazama jambo lingine. Mwaka 1962 Tempels alisimulia mwenyewe kwamba miaka ya kwanza, kama kumi, alikuja kama mzungu, bwana mwenye kufundisha, na kazi haikuzaa. Ndipo akaanza kuwauliza watu wanatamani nini, nao wakamwambia: uzima, uzazi, umoja wa mapendo. Katika kuwasikiliza alijikuta mtu mwingine. Hakubadili joho wala shirika. Hakupindua misioni. Aligeuzwa, na waliomgeuza ni wale aliokuja kuwageuza. Jamaa, iliyoanza naye Kolwezi mwaka 1953, ilitoka katika mapatano hayo.

Nilirudi kwa mzee wiki tatu baadaye nikamwambia: "Tata, si mamoja. Utageuzwa." Nikamweleza habari ya bukari. Alicheka kidogo, kisha akauliza, "Na wewe mwalimu, mwiko ulikupata lini?" Sikuwa na jibu. Akaniambia tuanze tena fundisho la kwanza, wote wawili.