Kabla ya "Walakini": Habakuki Akisomwa Korbesa

Kila asubuhi simu za Wakristo wengi huamka na aya moja ya Biblia. Imebandikwa juu ya picha ya jua likichomoza, na chini yake watu wanaandika amina, amina. Kutiana moyo ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni wa msomaji: aya ikikatwa hivyo, mara nyingi tumaini lenyewe hubaki kwenye kile kipande kilichotupwa.

Chukua mwisho wa kitabu cha Habakuki, sura ya 3. Kinachosambazwa ni ile sehemu ya furaha, nabii anaposema atamshangilia Mungu wake. Sawa. Lakini anaanza kwa kuhesabu hasara, na hasara zenyewe ni sita: mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, kundi la kondoo, na mwisho kabisa ng'ombe.

Naisoma orodha hiyo nikiwa huku Korbesa, Merti, katika kaunti ya Isiolo, ambako wenyeji wengi ni Waborana, wafugaji na Waislamu, nasi Wakristo ni wachache. Tini na zabibu si mimea ya huku, kwa hiyo macho yanapita haraka. Yakifika kwenye zizi tupu, yanasimama. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mfugaji akipoteza mifugo amepoteza benki, karo, mahari na heshima, vyote kwa mpigo. Nabii alijua alichokuwa akifanya alipoweka zizi mwisho. Hakuna tena cha kuuza baada ya hapo.

Ndipo linakuja neno dogo ambalo tafsiri ya Union Version ya 1952 imelitumia: walakini. Kwa Kiswahili neno hili lina sura mbili. Ni kiunganishi, na pia ni dosari. Tunasema kitu kina walakini. Sikia basi jinsi linavyofanya kazi hapa: furaha ya nabii imesimama juu ya dosari aliyoitaja wazi, moja baada ya nyingine. Ukiondoa ile orodha, walakini inabaki haina cha kupinga, na furaha inakuwa kelele tu.

Kuna atakayeniuliza: je, aya hii si ndiyo inayotumiwa kuwanyamazisha wenye njaa? Furahi tu, acha kulalamika! Jamani, kitabu chenyewe kinakataa. Sura ya 1 inaanza na nabii akimlalamikia Mungu kwamba analia na hasikilizwi, na dhuluma imejaa kila mahali. Hakemewi kwa kusema hivyo. Anayetumia sura ya 3 kufunga watu midomo hajasoma sura ya 1.

Mfano wa pili ni Yeremia 29:11, ile ahadi ya mawazo ya amani na mwisho mwema. Tunaisoma kwa ajili ya mtihani, kazi, viza. Lakini ni barua waliyoandikiwa watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, na Kiswahili hakifichi jambo ambalo Kiingereza kinalificha: ahadi ni ya ninyi, si ya wewe. Aya ya 10 inataja miaka 70. Wengi walioisikia barua ile walijua watazikwa ugenini. Katika sura ya 28, nabii Hanania alikuwa ameahidi kwamba mambo yatakwisha kwa miaka 2. Huyo ndiye angependwa sana kwenye simu zetu! Yeremia aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, wauombee amani mji uliowateka. Tumaini lake lina jembe mkononi.

Ninapoisoma barua hiyo huku, namkumbuka Onesimos Nesib. Alitekwa akiwa mtoto huko Ethiopia, akauzwa mara kadhaa, akaachiliwa huru Massawa mwaka 1870. Ndiye aliyeitafsiri Biblia kwa Kioromo, lugha ambayo Kiborana ni tawi lake, akisaidiwa na Aster Ganno, naye pia aliyewahi kuwa mtumwa. Ilichapishwa Uswisi mwaka 1899. Barua ya waliohamishwa ilifika katika lugha hiyo kwa mikono ya waliohamishwa, na sidhani kama walihitaji picha ya maua ili kuielewa.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Habakuki. Katika maombi yake anasema mimi, mimi, lakini mstari wa mwisho kabisa unakabidhi wimbo kwa kiongozi wa waimbaji, upigwe kwa vinanda. Yaani alitaka uimbwe na wengi. Mtu aliyepoteza kila kitu hawezi kuufikisha wimbo huo kwenye walakini akiwa peke yake. Wengine humshikia sauti mpaka yake irudi.

Basi ukitumiwa aya kesho, usiifute. Fungua sura nzima, soma aliyeisema alikuwa amepoteza nini, halafu ndipo umtumie jirani. Na kama zizi la jirani huyo ni tupu, mpelekee kwa miguu, pamoja na unga.